Anayeuza Katalizeri Huuza Pumzi ya Jirani



Kuna wizi unaotendwa mchana kweupe katika magaraji ya mji wetu wa Lubumbashi, wala hakuna anayepiga kelele. Fundi huingia chini ya gari, hukata bomba la moshi mahali pawili, hutoa chungu cha chuma kilichotuna kama tumbo la samaki aliyemeza mwenzake, kisha huunga kipande cha bomba tupu mahali pake. Saa moja haijatimia, gari limeondoka likinguruma. Chungu kile ndicho kiitwacho katalizeri. Mnunuzi wake anangoja mlangoni na noti mkononi, na mwenye gari huzipokea akishukuru. Kati ya hao watatu hapana aliyeibiwa. Aliyeibiwa yuko mbali na garaji: ni mama auzaye mikate kandokando ya barabara ya Kasenga, ni polisi asimamaye njia panda kutwa nzima, ni mtoto arudiye kutoka shuleni kwa miguu nyuma ya teksibasi. Hao ndio watakaolipa, nao hawakuulizwa.

Hatuandiki haya kama watu wasio na doa. Gari la kwanza la chama chetu, lile lililokuwa likiwapeleka makatekista vijijini, liliondolewa katalizeri yake kwa idhini yetu sisi wenyewe. Fundi alisema, tukaitikia. Fedha ikanunua magurudumu mawili, nasi tukamhesabu fundi kuwa mtu wa kututakia mema. Sasa basi dogo tulilolinunua baadaye limepungukiwa nguvu, na shauri lilelile limeletwa mbele ya kamati. Mkutano wa wanachama wote ndio utakaoamua. Wengi wamekwisha kusema kwamba jambo hili ni dogo, ni la mafundi, wala halistahili kupotezewa jioni nzima. Sisi twasema si dogo, na twawaomba mtusome hadi mwisho kabla ya kuinua mikono.

Kwanza tukijue kitu chenyewe, maana hakuna aulizaye thamani ya asichokijua.

Injini ya esansi hupata nguvu kwa kuchoma mafuta pamoja na hewa. Ili kilo moja ya esansi iungue barabara, yahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Lakini moto wa injini huwaka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, nao haumalizi kazi yake. Hutoka humo sumu za namna tatu. Ya kwanza ni monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata mtu aliyelala katika chumba kilichofungwa, jenereta likiwaka ndani, aweza kufa pasipo kukohoa hata mara moja. Ya pili ni mabaki ya esansi isiyoungua, na ndani yake mna benzeni, sumu ijulikanayo kuleta saratani ya damu. Ya tatu ni oksidi za nitrojeni, zizaliwazo pale joto kali la injini linapoilazimisha nitrojeni ya hewa kuungana na oksijeni. Hizo huchoma njia za pumzi na kuwatesa wenye pumu. Tena, zikikutana na mabaki ya esansi chini ya jua, hufanya ozoni karibu na ardhi, nayo huumiza mapafu.

Katalizeri imewekwa njiani ili sumu hizo zisifike nje. Ndani ya chungu mna kipande cha udongo uliochomwa, chenye vitundu vyembamba vingi kama sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa unga wenye vijishimo vingi mno, hata, kama uso wake wote ungetandazwa, ungefunika eneo lipitalo uwanja wa mpira. Juu ya unga huo zimetawanywa gramu chache tu za metali tatu: platini, paladiumu na rodiumu. Platini na paladiumu humaliza kazi ambayo moto wa injini uliiacha nusu: huikutanisha monoksidi ya kaboni, pamoja na mabaki ya esansi, na oksijeni, vikageuka kuwa kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Rodiumu huzivunja oksidi za nitrojeni, na nitrojeni hurudi kuwa kama ile ambayo sisi sote twaivuta kila siku bila madhara. Metali zenyewe haziungui wala hazipungui katika kazi hiyo. Zafanana na mshenga: huwakutanisha watu wawili, arusi ikafungwa, naye akaenda zake kuwatafuta wengine. Katalizeri iliyo nzima, ikiisha kupata moto na injini ikiwa katika hali njema, huondoa zaidi ya sehemu 90 kwa mia za sumu hizo tatu.

Hicho ndicho tuliambiwa kuwa ni chungu kisicho na kazi.

Sasa tuzikabili nyudhuru, maana ni tatu, na zote tumezisikia katika kamati.

Udhuru wa kwanza: katalizeri huikaba injini na kuinyima nguvu. Neno hili lina chembe ya kweli, na kwa sababu ya chembe hiyo hupata waamini wengi. Katalizeri iliyoziba huikaba injini kweli. Lakini tuulize iliziba kwa nini. Ikiwa buji mojawapo haitoi cheche, esansi mbichi hupita mpaka katika katalizeri na kuungua mle ndani; joto huzidi kipimo, sega likayeyuka na vitundu vikafungana. Ikiwa injini yala oili, masalio yake huzifunika metali zile hata zisiweze kuigusa hewa chafu. Katika hali zote mbili katalizeri ndiyo mgonjwa wa pili, na wa kwanza ni injini yenyewe. Fundi aiondoaye katalizeri pasipo kutazama buji wala oili afanana na mganga amkataye mgonjwa ulimi kwa kuwa ulimi umebadilika rangi. Ugonjwa wabaki. Na ikiwa katalizeri haikuziba, nguvu inayopatikana kwa kuiondoa ni ndogo mno, dereva wa basi katika mitaa yetu yenye mashimo hataiona. Atakachokiona ni taa ya injini kuwaka mbele yake, kwa maana kifaa kipimacho oksijeni katika bomba kimeona kwamba mwenzake hayupo. Ndipo fundi hutafuta hila ya pili ya kukidanganya kifaa hicho, na uongo mmoja umezaa wa pili, kama ilivyo desturi ya uongo.

Basi letu, je? Hakuna aliyelipima. Hakuna aliyefungua buji. Hukumu ilitolewa kabla ya uchunguzi, na aliyeitoa ndiye angepata fungu lake katika mauzo. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba mtahini hasahihishi karatasi yake mwenyewe.

Udhuru wa pili: katalizeri ni kitu cha Wazungu, na mafuta yetu hayaiwezi. Hapa tukumbuke historia, maana udhuru huu uliwahi kuwa wa kweli. Mmoja wa waliotangulia kuunda kifaa cha namna hii kwa ajili ya magari alikuwa Eugène Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani. Katika miaka ya 1950 mji wa Los Angeles ulikuwa ukifunikwa na ukungu uliochoma macho ya watu, na mwanasayansi Arie Haagen-Smit alikuwa ameonyesha kwamba ukungu ule ulitokana kwa sehemu kubwa na moshi wa magari uliopikwa na jua. Houdry akageukia moshi huo. Lakini kifaa chake hakikuweza kuenea, kwa sababu siku zile esansi ilitiwa madini ya risasi, na risasi huzifunika metali za katalizeri na kuziua. Houdry alifariki mwaka 1962 pasipo kuyaona matunda ya kazi yake.

Kilichofungua njia ni sheria. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria ya hewa safi, iliyoyataka magari mapya yapunguze sumu kwa sehemu 90 kwa mia. Wenye viwanda walilalamika kwamba haiwezekani. Magari ya mwaka 1975 yakatoka viwandani na katalizeri, na esansi isiyo na risasi ikaanza kuuzwa kwa ajili yake. Yasemwayo kuwa hayawezekani mara nyingi huwa ni yale ambayo hakuna aliyelazimishwa kuyajaribu.

Nasi Waafrika hatukubaki nyuma milele. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za kusini mwa Sahara walikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa risasi katika esansi, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 kazi hiyo ilikuwa imetimizwa. Basi tangu hapo esansi ya kwetu haiui tena katalizeri kwa risasi. Mwaka 2021 Aljeria, nchi ya mwisho duniani, nayo iliacha. Imesalia sulfuri, nayo hudhoofisha katalizeri, ni kweli. Lakini haiiui kama risasi ilivyoiua, kwani injini ikipata moto wa kutosha metali zile hurudisha sehemu kubwa ya nguvu zao. Katalizeri dhaifu bado husafisha, na bomba tupu halisafishi kitu. Sulfuri ni sababu ya kudai mafuta bora. Haikuwa kamwe sababu ya kuuza kinga tuliyo nayo.

Kuhusu sulfuri, mji huu hauhitaji kufundishwa na mtu. Tangu mwaka 1911 shaba imeyeyushwa hapa, na bomba refu la kiwanda limekuwa alama ya mji wetu. Wazee wetu waliijua harufu ya moshi ule, na waliona jinsi ardhi iliyokuwa upande uendako upepo ilivyobaki uchi, miti imekufa. Waliambiwa wavumilie, kwa kuwa moshi ndio mshahara. Je, sisi tulio watoto wao twataka kuwaambia watoto wetu neno lilelile, kwa sababu ya magurudumu mawili?

Udhuru wa tatu ndio mzito: sisi ni maskini, na fedha hii ni halali yetu. Hatutaudharau, maana twaijua njaa ya chama kisicho na akiba. Lakini tuutazame mzani wote.

Metali zilizomo katika katalizeri ni za thamani kubwa. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiumu, yaani gramu 31 tu, ilipita dola 25,000, bei iliyoiacha dhahabu mbali sana. Sehemu kubwa ya platini na rodiumu ya dunia huchimbwa Afrika ya Kusini. Yaani metali hii hutoka katika udongo wa bara letu kwa jasho la wachimbaji wa Kiafrika, huenda ng'ambo, hutiwa katika gari, gari hutumika huko miaka mingi likiwalinda watu wa huko. Kisha hurudi kwetu likiwa zee, na gramu zile chache zilizosalia, ambazo sasa zingeweza kutulinda sisi, twazing'oa kwa mikono yetu na kuzirudisha ng'ambo. Katika nchi hii yenye shaba na kobalti twajua vema maana ya kuuza jiwe kwa bei ya mchanga. Mnunuzi wa mlangoni hatuambii bei ya rodiumu. Hutupa noti chache, nasi twadhani tumemshinda.

Na je, fedha hiyo ni yetu kweli? Mwenye gari ni mwenye chuma, lakini hewa itokayo nyuma ya gari lake haimo katika hati za gari. Yeye huketi mbele, vioo vimefungwa, naye hupita. Moshi hubaki na wasiopita. Tajiri wa mtaa ana ukuta na bustani kati yake na barabara. Mama wa soko la Kenya hana ukuta. Meza yake imegusana na lami, na mtoto wake mdogo hulala chini ya meza, karibu na urefu wa bomba la moshi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba uchafu wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 katika mwaka 2019, na sehemu kubwa mno ya vifo hivyo ni katika nchi maskini na zile za kipato cha kati. Kwa hiyo tusitumie neno umaskini kama ngao. Fedha ya katalizeri haitoki kwa tajiri kwenda kwa maskini. Hutoka katika mapafu ya maskini zaidi kwenda katika mfuko wa aliye maskini kidogo. Anayemwamini Mungu aliyempulizia mwanadamu pumzi ya uhai hana budi kuona haya kuichuuza.

Wala tusidhani kwamba hatia yote ni ya mafundi wetu. Kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yaliuzwa nje na Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa kuliko mabara mengine. Mwaka 2020 wakaguzi wa serikali ya Uholanzi waliyachunguza magari yaliyokuwa yakisafirishwa kuja Afrika: mengi yalikuwa na umri wa miaka 16 hadi 20, na mengi hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi wakati wa kuondoka. Yaani gari lisiloruhusiwa tena kupita mbele ya shule ya kwao laonwa kuwa jema kupita mbele ya shule ya kwetu. Kwetu huku mengi huja ya usukani wa kuume, kutoka Japani, kwa njia ya Dar es Salaam na Zambia hadi Kasumbalesa. Mpakani hulipiwa ushuru. Nani huinama kutazama bomba la moshi? Kosa la anayeuza ng'ambo ni kubwa, nasi twalisema wazi. Lakini anayepokea gari lenye katalizeri na kuing'oa mwenyewe amepoteza haki ya kumlaumu yule aliyemletea gari lisilo nayo.

Tusidanganyane pia kuhusu kifaa hiki. Katalizeri haizuii kaboni dioksidi, ile gesi ipashayo dunia joto. Mafuta yakiungua, hiyo hutoka daima. Haifanyi kazi vema ikiwa baridi: yahitaji joto la karibu nyuzi 250 hadi 300 kabla ya kuamka, hivyo dakika za kwanza za safari ni chafu kuliko zote. Magari ya mazutu yana mitambo ya namna nyingine, na moshi wao mweusi ni shauri jingine. Wala katalizeri haitaondoa vumbi la njia zetu wala moshi wa makala jikoni. Atakayesema kwamba imebaki shida nyingine nyingi amesema kweli. Lakini hatujapata kumwona mtu aangushaye ukuta mmoja wa nyumba yake kwa kuwa paa linavuja.

Basi twawaomba wanachama mambo manne. La kwanza, basi letu lipimwe na fundi asiye na fungu katika mauzo: aanze na buji, oili na kichujio cha hewa, na gharama hiyo tuitoe kwa mchango. La pili, ikionekana kwamba katalizeri imekufa kweli, tununue nyingine kadiri tutakavyoweza, hata kama itatulazimu kungoja. Na ile ya zamani iuzwe kwa kupimwa, si kwa kukisiwa, fedha yake iingie katika ununuzi wa mpya. La tatu, sisi tulio walimu tukifundishe kifaa hiki katika somo la kemia, maana mtoto aliyejifunza kuandika jinsi monoksidi ya kaboni inavyogeuka kuwa kaboni dioksidi, pasipo kujua kwamba jambo hilo hutendeka chini ya gari la baba yake, amejifunza nusu. La nne, tuwaendee wakuu wa mji na kuwauliza, kwa adabu na pasipo kuchoka, kwa nini ukaguzi wa magari hutazama karatasi na kuliacha bomba la moshi.

Huenda mtasema: basi moja litabadili nini katika mji wenye magari maelfu? Litabadili hewa ya wale linaowapita. Basi letu hupita barabara ya Kasenga asubuhi na jioni, husimama mbele ya meza zilezile, na wauzaji wengine twawajua kwa majina, maana twasali nao. Siku ya mkutano, atakayetaka kuinua mkono ili katalizeri iuzwe, twamsihi kwanza aende akasimame saa moja tu nyuma ya meza ya mama mmojawapo, wakati magari yamebanana, kisha aje atuambie bei aliyoiona kuwa ya haki.